Cadillac Inauzwa, Imeundwa 1957

Eldorado Brougham inapoletwa sokoni, muuzaji huanza na hesabu. Mwaka 1957 Cadillac iliunda magari 400 tu ya aina hiyo, na mwaka uliofuata 304, kisha jina hilo likapewa magari mengine ambayo bodi zake zilifanyiwa kazi Italia. Bei yake lilipokuwa jipya ilikuwa dola 13,074, wakati ambapo familia ya Kimarekani iliweza kununua Chevrolet mpya ya heshima kwa dola 2,400 hivi. Paa lake ni la chuma kisichoshika kutu, halikupakwa rangi, limesuguliwa tu. Milango ya nyuma inafunguka kwa kurudi nyuma, na katikati hakuna nguzo, kwa hiyo yote minne ikiwa wazi abiria anaingia kama anavyoingia barazani. Injini ni ya silinda nane, lita 6, nguvu za farasi 325. Gari lote lina uzito wa takriban tani 2.4. Kwenye kisanduku cha dashibodi kuna bilauri sita za chuma zenye sumaku ili zisianguke, na mwanamke aliyeketi nyuma aliwekewa chupa ya manukato ya Lanvin.

Hayo yote muuzaji atayataja. Atataja pia kwamba mifuko ya hewa iliyobeba gari badala ya springi ilikuwa ikivuja tangu mwanzo, na kwamba wenye magari wengi waliing'oa wakaweka springi za kawaida. Kama gari lake bado lina mifuko ya asili nayo inafanya kazi, ataliandika hilo kwa herufi kubwa. Brougham iliyotunzwa vizuri huvuka dola 100,000 mnadani. Iliyochakaa huuzwa kwa sehemu ndogo ya fedha hizo, kwa sababu kuifufua kunaweza kumgharimu mnunuzi zaidi ya bei yenyewe.

Ila mnunuzi aliyekomaa katika biashara hii hakimbilii injini. Huomba makaratasi kwanza. Kila Cadillac ya wakati ule ilitoka kiwandani na namba yake, na General Motors imehifadhi kumbukumbu zinazoonyesha gari la namba fulani lilitoka na rangi gani, viti vya kitambaa gani, vifaa gani vya ziada, na lilipelekwa kwa muuzaji wa mji gani. Mwenye gari anaweza kuagiza nakala na kuilipia. Karatasi hiyo ikikubaliana na gari, bei inapanda. Zikiwepo pia risiti za fundi wa mwaka 1962, picha za mmiliki wa kwanza na hati za kila aliyelinunua baada yake, bei inapanda tena. Zile bilauri sita zikiwa tano, inashuka. Magari mawili yanayofanana kwa kila kitu, moja likiwa na historia iliyoandikwa na jingine halina, hayauzwi bei moja.

Jambo hilo ndilo lililonifanya niliingize gari hili katika kitabu kinachohusu Kolwezi, mji wa machimbo wa Kongo, na mto Lualaba. Kuna soko ambako asili ya kitu, ikiandikwa vizuri, ni fedha mkononi mwa anayekiuza. Sisi tunaishi juu ya soko jingine, la vitu ambavyo bila hivyo gari kama lile lisingewaka, wala lisingeng'aa, wala redio yake isingetoa sauti, na huku kwetu asili ikiandikwa hushusha bei ya aliyechimba. Kabla ya kusema kwa nini, nataka tulifungue gari lenyewe, kipande baada ya kipande.

Tuanze na bampa, kwa kuwa ndicho kitu cha kwanza kuonekana. Watu huliita kromu, lakini kromu iliyo juu yake ni utando mwembamba usiofika hata elfu moja ya milimita. Peke yake isingefunika mkwaruzo mmoja. Chini yake kuna nikeli, ambayo ndiyo inayotoa sehemu kubwa ya mng'ao na kuzuia kutu. Na chini ya nikeli, juu ya chuma, kuna shaba. Shaba ni laini, hujaza vishimo, husuguliwa ikawa kama kioo. Fundi anayefufua bampa la 1957 huliingiza kwenye asidi ili kuondoa kromu na nikeli ya zamani, hugonga palipobonyea, kisha hulizamisha katika bafu la shaba, hulisugua, hulizamisha tena, na kurudia hivyo mpaka uso uwe mmoja. Nikeli na kromu huja mwishoni. Kazi hiyo ni miongoni mwa gharama kubwa kabisa za kufufua gari la Kimarekani la miaka ya 1950, na sehemu yake kubwa ni saa za mtu anayesugua shaba ambayo hakuna atakayeiona.

Vita ya Korea iliwafundisha Wamarekani thamani ya nikeli kwa uchungu. Kati ya 1950 na 1953 serikali yao ilibana nikeli kwa ajili ya silaha, viwanda vya magari vikalazimika kupaka bampa bila nikeli ya kutosha, na mabampa ya miaka ile yalianza kuchubuka na kushika kutu mapema. Mpaka leo anayenunua gari la 1951 au 1952 hutazama bampa kwa makini kuliko anayenunua la 1957.

Mapambo madogo, yaani nembo za mbele, vishikizo na fremu za taa, mengi yalimiminwa kwa zinki kisha yakapakwa tabaka zile zile tatu. Zinki hufanya vipele ikizeeka. Fundi hutoboa kila kipele, hukijaza, na kurudi kwenye bafu la shaba.

Je, shaba hiyo ilitoka kwetu? Hapa lazima tuseme kweli, maana watu wengi hapa Lualaba hupenda kusema kila kinachong'aa duniani kilichimbwa katika mgodi wetu wa Musonoi. Marekani ilikuwa na shaba yake, ya Arizona, Utah na Montana, na makampuni yake yalichimba Chile pia. Shaba ya kwetu Katanga ilikwenda hasa Ulaya. Union Minière du Haut Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, ilimimina shaba yake ya kwanza Lubumbashi mwaka 1911. Kufikia 1960 ilikuwa ikitoa takriban tani 300,000 kwa mwaka. Kolwezi, mji ulioanzishwa mwaka 1937, ukawa moyo wa machimbo ya magharibi. Shaba ilipanda treni kwenda Lobito kupitia reli ya Benguela, au ilishuka kwa reli na mto mpaka Matadi, na sehemu kubwa ilishukia Antwerp. Hapo karibu, Hoboken na Olen, kulikuwa na viwanda vya kusafisha madini vya kundi lile lile la mabepari wa Brussels waliokuwa na Union Minière.

Na Antwerp ndiko kulikokuwa na viwanda vya magari ya Kimarekani. Ford ilifungua chake huko mwaka 1922, General Motors ikafuata mwaka 1925. Vipuri vilivuka bahari ndani ya masanduku, magari yakaunganishwa na vibarua wa Kibelgiji. Bandari moja ilipokea shaba ya Katanga na kutoa magari ya Kimarekani. Mengine yalikuja Kongo kutoka hapo, mengine moja kwa moja kutoka Marekani, na katika miaka ya 1940 na 1950 motokari ya Kimarekani ilikuwa jambo la kawaida katika mitaa ya Elisabethville (Lubumbashi ya leo) na Jadotville (Likasi ya leo). Sababu zake zilikuwa za kawaida tu. Kongo iliendesha upande wa kulia, na magari ya Kimarekani yalikuwa na usukani wa kushoto kama ilivyotakiwa, ilhali ng'ambo ya mpaka, Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo), watu waliendesha upande wa kushoto kwa desturi ya Waingereza. Chesisi zilikuwa nzito, injini zilikuwa na nguvu za ziada, na barabara za vumbi jekundu zilihitaji vyote viwili. Leo mambo yamepinduka: tunaendelea kuendesha upande wa kulia, lakini Toyota zinazoingia kupitia Dar es Salaam na Kasumbalesa nyingi zina usukani wa kulia, na dereva anayetaka kulipita lori la madini kwenye barabara ya Likasi hulazimika kumwuliza abiria wake kama mbele kuna nafasi.

Mkongo aliyechimba shaba ile hakuendesha Buick. Kambi ya Union Minière ilimpa nyumba, posho, shule ya watoto na hospitali, na akijibana aliweza kununua baiskeli kwa mkopo. Mwanahistoria wa Lubumbashi, Donatien Dibwe dia Mwembu, ameandika kitabu kizima kuhusu familia hizo na jinsi kampuni ilivyokuwa baba wa kila kitu, na jinsi baba huyo alivyowaacha wanawe. Atakayesoma habari za magari ya wakati ule bila kusoma habari za kambi atakuwa amesoma nusu.

Kusafisha shaba ile kulihitaji umeme, na Nzilo inaingia hapa. Kaskazini mwa Kolwezi, pale Lualaba inapobanwa na mawe, Union Minière ilijenga bwawa na kituo cha umeme kilichoanza kazi mwaka 1952 kikiwa na mitambo minne, jumla megawati 108. Kilipewa jina la Delcommune, Mbelgiji aliyepita nchi hii mwishoni mwa karne ya 19. Baada ya uhuru kikarudishiwa jina la mahali. Miaka michache baadaye, chini zaidi mtoni, kikajengwa kile cha Nseke, kikubwa kupita cha Nzilo. Umeme huo haukuvutwa ili kuwasha taa za vijiji. Shaba safi hupatikana kwa kupitisha umeme katika maji ya asidi mpaka metali ijishike kwenye mabamba, na kobalti vivyo hivyo. Mwaka 1953 kiwanda cha zinki kilianza kazi papa hapa Kolwezi, kikitumia madini ya Kipushi, na zinki nayo hulishwa umeme kwa njia hiyo hiyo. Umeme wa Lualaba ulivuka hata mpaka kuelekea migodi ya Kitwe kabla Kariba haijakamilika. Mwenyeji wa Nzilo aliyetazama nguzo zile zikipita juu ya shamba lake bila waya hata mmoja kushuka kwake alikuwa na haki ya kuuliza, na anayo mpaka leo.

Turudi kwenye gari, na tufungue boneti. Rejeta ya Brougham ni ya shaba na shaba ya njano, kama zilivyokuwa karibu zote kabla alumini haijachukua nafasi. Stata ni nyaya za shaba zilizosokotwa. Hapa Cadillac ina historia yake ya pekee: mwaka 1912 ndiyo iliyouza magari yenye stata ya umeme kwa mara ya kwanza kama kifaa cha kawaida, kazi ya mhandisi Charles Kettering, na tangu hapo mtu hakulazimika tena kusimama mbele ya gari kuizungusha injini kwa mkono huku akiweka kifundo chake hatarini. Brougham ya 1957 ilizidisha. Vioo, viti, buti, erio ya redio, kila kimoja kilikuwa na mota yake. Anasa ya Kimarekani ya wakati huo ilikuwa kumwondolea mtu kila jambo ambalo mkono wake ungeweza kufanya, na kila ulipoondolewa mkono paliwekwa msokoto wa shaba.

Shaba, kama nilivyosema, siwezi kuidai. Kobalti ni habari nyingine.

Katika miaka ya 1950 Katanga ilitoa zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia, na Marekani ilikuwa mnunuzi wake mkubwa, kupitia kampuni ya mauzo ya Union Minière huko New York, ile ile iliyouza urani ya mgodi wa Shinkolobwe. Ili kuona kobalti hiyo ilivyoingia katika gari twende mji mmoja mdogo wa Indiana uitwao Kokomo. Tarehe 4 Julai 1894 Elwood Haynes aliendesha gari lake la petroli kwenye barabara ya nje ya mji huo, moja ya magari ya kwanza kabisa ya Kimarekani. Haynes alikuwa mjuzi wa metali kuliko alivyokuwa mfanyabiashara. Alichanganya kobalti na kromu akapata metali ngumu isiyolainika hata ikiwa nyekundu kwa joto, akaiita Stellite, na mwaka 1912 akaifungulia kiwanda hapo hapo Kokomo. Vyuma vya kukatia vyuma vingine vilitengenezwa kwa Stellite, na baadaye valvu za injini za ndege na malori zikapakwa mchanganyiko huo ili zistahimili moto wa petroli. Kampuni yake ya magari ilikufa. Metali yake haikufa.

Miaka ya 1930 General Motors iliweka kiwanda chake cha redio, Delco Radio, katika mji huo huo. Redio ya Brougham ya 1957 ilitoka kwa Delco, nayo ilikuwa ya transista tupu, bila zile taa za kioo zilizohitaji dakika ya kupata joto. Transista za wakati huo zilikuwa za jerimani, elementi inayopatikana kwa uchache sana ndani ya madini ya zinki na shaba. Kipushi, mpakani mwa Zambia, ilikuwa mojawapo ya mahali pachache duniani palipotoa jerimani kwa wingi, ikasafishwa Olen. Leo lundo la masalia ya tanuru lililo katikati ya Lubumbashi linachimbwa upya kwa sababu ya jerimani hiyo hiyo.

Sasa ligeuze spika la redio. Nyuma ya karatasi inayotetemeka kuna sumaku ya kijivu, nzito kuliko inavyoonekana. Katika spika nzuri za miaka ile ilikuwa alniko, mchanganyiko wa alumini, nikeli, kobalti, chuma na shaba kidogo, na katika aina iliyotumika zaidi kobalti ilikaribia robo ya uzito wote. Umeme wa redio hupita kwenye msokoto wa shaba uliokaa ndani ya uga wa sumaku hiyo, msokoto unasogea mbele na nyuma, karatasi inasukuma hewa, na mtu anasikia Nat King Cole akiwa anaendesha kuelekea Palm Springs. Kobalti ya Katanga haikuwa pambo la gari lile. Ilikuwa sauti yake. Nakiri kuwa sehemu hii ndiyo ninayoipenda kupita zote, na nimeona vijana wa hapa wakinyamaza ninapoieleza, kwa kuwa wao wameambiwa tangu utotoni kwamba kobalti ni jambo la betri na la juzi.

Sumaku hiyo ina mwisho wake, na mwisho huo uliandikwa Kolwezi.

Tarehe 13 Mei 1978 waasi wa Kikongo wa FNLC, wakiongozwa na Nathaniel Mbumba, waliingia mjini wakitokea Angola kupitia Zambia. Tarehe 19 askari wa miavuli wa Ufaransa wa kikosi cha Legion waliruka juu ya mji, Wabelgiji wakafika kesho yake, na siku zile Kolwezi ilizika watu kwa mamia, Wakongo na Wazungu. Wazee waliokuwepo hawapendi kuzungumzia wiki hiyo, nami sitawasemea. Kwa habari ya sura hii inatosha kusema kwamba wahandisi walikimbia, mitambo ikasimama, na wanunuzi wa kobalti duniani wakashikwa na hofu. Bei ilikuwa tayari imeanza kupanda. Sasa iliruka: kutoka chini ya dola 7 kwa ratili hadi dola 25 za bei rasmi mwanzoni mwa 1979, na soko huru likapanda zaidi ya hapo. Metali ambayo daima ilikwenda kwa treni ikaanza kupakiwa kwenye ndege.

Waliotengeneza spika hawakusubiri. Kulikuwa na sumaku nyingine, ferito, inayotokana na oksidi ya chuma ikichanganywa na bariamu au stronshiamu, nzito zaidi lakini rahisi, na haina kobalti hata chembe. Viwanda vya bei nafuu vilikwisha kuihamia kabla. Baada ya 1978 hata wenye majina makubwa, JBL mmoja wao, waliiacha alniko katika kazi zao nyingi. Kobalti ilipata kazi nyingine, kwenye injini za ndege hasa, lakini spika halikurudi. Ndiyo maana leo mwenye kuuza gari la 1957 hutaja kwamba spika ni za asili, na wapenzi wa sauti hulipa ziada kwa sumaku zile.

Yaliyofuata tunayajua sisi wa Lualaba. Gécamines, mrithi wa Union Minière tangu serikali ilipoitaifisha mwaka 1967, ilidhoofika, mwaka 1990 sehemu ya mgodi wa Kamoto iliporomoka, mishahara ikakatika, watu wakachukua nyundo na kushuka chini wenyewe. Kisha betri za simu na za magari zikaifanya kobalti itafutwe tena. Mwaka 2014 watu wa mtaa wa Kasulo waligundua kwamba nyumba zao zimekaa juu yake, wakachimba sebuleni. Kongo sasa hutoa zaidi ya asilimia 70 ya kobalti inayochimbwa duniani.

Nenda Musompo, nje ya mji, uone mali hiyo inavyouzwa. Mchimbaji anafika na mifuko yake juu ya pikipiki. Mnunuzi anachota kidogo, anakielekezea kile kifaa cha mkononi ambacho watu wote hukiita Metorex, na kifaa kinasema asilimia. Maneno ni machache.

“Patro, iko ngapi?”

“Mbili na nusu.”

“Apana, patro. Kule ingine ilisema ine.”

“Basi peleka kule.”

Mchimbaji hana kifaa. Hana namna ya kubisha, na pikipiki imekwisha kulipiwa. Unyevu unakatwa, uchafu unakatwa, bei ya London inatajwa, na kinachobaki anapewa papo hapo. Kuanzia hapo mifuko inamwagwa pamoja na mingine. Hakuna atakayejua tena ni ya shimo gani.

Mwaka 2016 Amnesty International na shirika la Kikongo la Afrewatch walitoa ripoti iliyoonyesha watoto na watu wazima wakichimba kobalti katika hali mbaya, na jinsi mali hiyo inavyofika katika makampuni makubwa. Walisema kweli, na nawashukuru waliokwenda mashimoni kuiandika. Lakini tazama soko lilivyojibu. Wanunuzi wakubwa walianza kuuliza asili, na jibu lilipokuwa “ya wachimbaji wadogo”, wengi hawakusema “basi tutalipa zaidi ili iwe salama”. Walikwepa, au walidai punguzo kwa sababu ya hatari ya jina lao. General Motors ilipoleta betri zake mpya, zile zinazoiendesha Cadillac Lyriq, ilijisifu kwamba imepunguza kobalti kwa asilimia 70 ikilinganishwa na betri zilizotangulia, na mwezi Aprili 2022 ilitangaza mkataba na Glencore wa kununua kobalti ya Australia. Glencore hiyo hiyo ina mgodi mkubwa hapa Kolwezi. Betri za lithiamu zenye chuma na fosfati, zisizo na kobalti kabisa, zinazidi kuenea. Njia ya spika inajulikana, na tuko juu yake kwa mara ya pili.

Serikali imejaribu. Mwaka 2019 iliunda Entreprise Générale du Cobalt ili inunue kobalti yote ya wachimbaji wadogo. Februari 2025 ilisimamisha usafirishaji wa kobalti nje, na tangu Oktoba mwaka huo ikaweka mgawo: tani 96,600 kwa mwaka kwa 2026 na 2027. Bei ilipanda. Lakini mgawo hugawiwa makampuni, na anayesukuma pikipiki kwenda Musompo hakuusikia mfukoni.

Katika biashara ya magari ya zamani hakuna anayeona ajabu kwamba historia iliyoandikwa ni sehemu ya mali na kwamba fedha yake humfuata muuzaji. Sheria ya madini ya Kongo inamtaka mchimbaji mdogo awe na kadi. Kadi ina namba. Namba hiyo inaweza kuandikwa kwenye mfuko pamoja na shimo, tarehe, uzito, na asilimia iliyosomwa na vifaa viwili, kimoja cha mnunuzi na kingine cha ushirika wa wachimbaji, na karatasi hiyo ikafuata mzigo mpaka kiwandani. Vifaa vipo na kalamu ipo. Kinachogombewa ni nani alipie, na mpaka sasa gharama ya kuthibitisha asili imekuwa ikikatwa kwenye bei ya mchimbaji, kana kwamba yeye ndiye aliyetaka kujua. Nakala ya kumbukumbu za Brougham huagizwa kwa General Motors na kulipiwa na mtu anayetaka kuongeza thamani ya gari lake. Anayetaka kujua kobalti yake imetoka shimo gani la mtaa wa Kapata hapa Kolwezi, na kuwatangazia wateja wake kwamba anajua, ndiye wa kulipia karatasi hiyo, juu ya bei kamili ya madini.